Masomo ya Watoto wa Inchi na Watoto wa Kigeni Kandokando ya Ziwa, toka Uvira hata Fizi



Mwaka mmoja, juma la kwanza la mwezi wa tisa, nilikuwa padri msaidizi katika parokia iliyo kandokando ya ziwa, kusini ya Uvira. Katekista mmoja akaniletea mama wa Burundi pamoja na binti yake, mtoto wa miaka 11. Mama akasema: «Padri, direkta amemkataa mtoto, kwa sababu hatuna buletini yake. Tulikimbia usiku, makaratasi yote yakabaki nyumbani.» Mimi sikujua sheria inasema nini. Niliwaza kwamba direkta anaijua kuliko mimi. Nikamwambia yule mama avumilie, atafute makaratasi, arudi mwaka utakaofuata. Alinishukuru, kwani kwetu mtu anamshukuru padri hata asipopata kitu. Siku za Noeli nikauliza habari zao. Katekista akanijibu kwamba binti amepelekwa Baraka kulea watoto wa watu. Masomo yake yaliishia pale.

Baadaye nilisoma sheria, nikaona kwamba direkta alikosa, na mimi nilikosa kumpita, kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kuuliza, nisiulize. Ndiyo sababu ya makala hii. Wengi wetu, mapadri na makatekista, tunaulizwa kila mwaka mambo ya masomo: mtoto huyu aingie mwaka gani, alipe nini, alete karatasi gani, na kama ni mgeni, ana haki gani. Nasi tunajibu kwa kubahatisha. Tutazame basi, hatua kwa hatua, namna masomo ya inchi yetu yanavyopangwa, kwa mwenyeji na kwa mgeni.

1. Shule za pwani hii zilianza na watoto wa kigeni

Tuanze na jambo ambalo wengi wamelisahau. Mapadri Weupe walifika upande huu wa Tanganyika mwaka 1880, wakajenga Mulweba, katika inchi ya Masanze. Mwaka 1883 wakaanzisha Kibanga. Watoto wa kwanza waliowakusanya na kuwafundisha hawakuwa watoto wa vijiji vya jirani. Walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wenye kutoka makabila mengi, wasio na baba wala mama karibu, wengine wasiojua hata jina la kijiji chao. Hawakuwa na karatasi hata moja. Shule za misioni katika pwani hii zilianza kwa kuwapokea wageni.

Kisha ukaja utawala wa Wazungu. Mwaka 1906 Baba Mtakatifu na Serkali ya Congo ya wakati ule walipatana: misioni zipewe udongo, nazo zifungue shule. Kwa miaka mingi karibu masomo yote ya Waafrika yalikuwa mikononi mwa misioni. Lakini palikuwa na njia mbili mbalimbali: shule za watoto wa Wazungu upande wake, na shule za watoto wa Waafrika upande wake, kila moja na programu yake. Ndiyo kusema, wakati ule mtoto mgeni kutoka Ulaya alipata shule nzuri kuliko mwenye inchi. Wazee wetu hawakulisahau jambo hilo, nasi tusilisahau: shule inaweza kukosea pande zote mbili.

Mwisho wa mwaka 1974 Serkali ya Zaire ilizitwaa shule zote za makanisa. Jaribio lile halikufika mbali. Tarehe 26 ya mwezi wa pili mwaka 1977 Serkali na makanisa wakatia mkono kwenye mapatano, ambayo Wafaransa wanayaita konvansio. Toka siku ile tunasema «shule za konvansio»: za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu, na baadaye za Waislamu.

2. Shule ya parokia ni ya nani?

Watu wengi wanafikiri kwamba shule iliyo karibu na kanisa ni mali ya padri, naye anaweza kumpokea amtakaye na kumfukuza asiyemtaka. Sivyo. Shule ya konvansio ni shule ya serkali inayoongozwa na Kanisa. Serkali inapanga programu, inatuma enspekta, inatunga mitihani ya taifa, na ndiyo yenye kazi ya kulipa walimu. Kanisa, kwa njia ya Kordinasio ya masomo ya jimbo, linaongoza shule siku kwa siku: linachagua direkta na prefe, linaangalia mwenendo, linafundisha dini. Lakini mlango wa shule ni wa taifa. Mtoto wa Mwislamu, mtoto wa Mprotestanti, mtoto asiye na dini, wote wana haki ya kukaa kwenye benchi moja na mtoto wa katekista.

Kando ya shule za konvansio ziko shule za serkali yenyewe, ambazo watu wanaziita «ofisieli», na ziko shule za watu binafsi zilizopata ruhusa. Hizi za mwisho zinaishi kwa feza za wazazi. Tutakaposema juu ya masomo ya bure, tukumbuke kwamba shule za watu binafsi hazimo.

3. Ngazi ya masomo

Sheria kubwa ya masomo ni ile ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014. Ngazi yake ni hii.

Kwanza, shule ya watoto wadogo, miaka 3. Si lazima, na vijijini haipatikani sana.

Pili, shule ya msingi, ambayo watu wanaiita primeri, miaka 6. Mtoto anaingia akiwa na miaka 6. Miaka ile inagawanyika mafungu matatu ya miaka miwili miwili. Mwisho wa mwaka wa sita mtoto anafanya mtihani wa taifa, ulioitwa TENAFEP kwa miaka mingi, na leo unaitwa ENAFEP. Akishinda, anapata sertifika.

Tatu, mwaka wa 7 na mwaka wa 8. Zamani miaka hii miwili ilikuwa mwanzo wa sekondari. Sheria ya 2014 imeiunga na shule ya msingi, ili mafundisho ya msingi yawe miaka 8. Mwisho wa mwaka wa 8 kuna mtihani mwingine, TENASOSP, wenye kazi ya kumwelekeza mtoto: huyu anafaa kwa ualimu, huyu kwa sayansi, huyu kwa biashara, huyu kwa ufundi.

Ine, humanite, miaka 4. Mwisho wake ni Eksameni ya Serkali, ile vijana wanayoiita Egzeta. Ilianza mwaka 1967. Inchi nzima inafanya mtihani mmoja siku zilezile, Uvira kama Kinshasa, na asiyepata 50 kwa 100 hapati diploma. Diploma ile ndiyo ufunguo wa chuo kikuu, na kwa vijana wetu ndiyo mlango wa seminari kubwa.

Mwaka wa masomo unaanza mwezi wa tisa na kwisha mwanzoni mwa mwezi wa saba. Hii ni habari ndogo, lakini kwa familia iliyokimbia ni habari kubwa: mwenye kufika mwezi wa pili anakuta watoto wako katikati ya safari.

4. Luga

Hapa ndipo watoto wengi wanapoanguka, nasi hatuoni.

Katiba yetu inasema Kifaransa ni luga ya serkali, na Kiswahili ni mojawapo ya luga ine za taifa. Kwa upande wetu wa mashariki, programu inataka mtoto afundishwe kwa Kiswahili miaka miwili ya kwanza. Toka mwaka wa tatu mafundisho yanageuka kuwa kwa Kifaransa.

Sasa tumtazame mtoto wa Burundi. Kwao shule inafundisha kwa Kirundi miaka ine ya kwanza. Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili vinafundishwa kama somo tu. Kifaransa kinakuwa luga ya kufundishia toka mwaka wa tano. Mtoto huyu, akikimbilia kwetu baada ya kumaliza mwaka wa tatu wa kwao, anakuta mwalimu anafundisha kwa Kifaransa asichokizoea, na akipotea anaelezwa kwa Kiswahili ambacho pengine hakijui. Anaanguka mara mbili. Mwalimu anasema: «Mtoto huyu ni mjinga.» Kumbe mtoto anajua hesabu vizuri sana, ila anaijua kwa Kirundi.

Tumtazame sasa mtoto wa Mbembe aliyezaliwa kambini Tanzania. Akiwa amesoma shule ya Tanzania, amefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, kwa maana ndivyo ilivyo shule ya msingi kule. Kiswahili chake ni safi kuliko cha mwalimu wetu. Lakini Kifaransa hakuna. Ni mwana wa inchi, jina lake ni la ukoo wa Fizi, na shuleni ni mgeni kabisa.

Kwa hiyo tusipime mgeni kwa uraia tu. Mbele ya ubao, mgeni ni yule asiyeielewa luga ya mwalimu.

5. Feza

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya masomo, na kwamba shule ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serkali. Maneno ni mazuri. Lakini zamani kidogo, miaka ya 1992 na 1993, serkali ilipokuwa haiwezi tena kulipa walimu na migomo ikafunga madarasa, wazazi walikubali kuwachangia walimu ili watoto wasipoteze masomo. Msaada ule wa muda ukawa desturi, desturi ikawa deni la kila mwezi. Hata baada ya Katiba, mtoto aliyekosa feza alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake.

Mwezi wa tisa mwaka 2019 Serkali ilianza kweli kutimiza masomo ya bure katika shule ya msingi. Watoto wakaja kwa wingi. Madarasa yakafurika, na wako walimu wanaofundisha bila kuandikwa kwenye orodha ya mishahara. Mwalimu asiyelipwa anatazama mkono wa mzazi; na mzazi aliyekimbia vita mkono wake ni mtupu. Basi hapo ndipo michango ya siri inaporudi kwa majina mengine: feza ya karatasi za mtihani, feza ya ulinzi, feza ya choki. Mwenyeji anajua kubishana. Mgeni analipa au anamwondoa mtoto, na kwa kawaida anamwondoa binti kwanza.

Tuseme wazi. Katika shule ya msingi ya serkali au ya konvansio, mzazi hatakiwi kulipa ili mtoto afundishwe. Hakuna bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Kilichobaki kwa mzazi ni nguo ya shule, ile nyeupe na ya buluu, na kopia na kalamu. Hata hizo si vitu vidogo kwa mtu anayelala chini ya turubai.

Sekondari si ya bure. Minervali na michango mingine inawekwa kila mwaka kwa barua ya gavana wa jimbo. Mzazi anaweza kuomba aonyeshwe barua ile. Padri na katekista wanaweza kuiomba kwa niaba yake.

6. Mgeni ni nani, na ana haki gani?

Pwani yetu haijakaa bila wageni. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Uvira na uwanda wa Ruzizi. Mwaka 1993 wakaja wengine. Mwaka 1994 wakaja Wanyarwanda. Mwaka 2015 vurugu ya Burundi ikaleta makumi elfu tena: walipitia Kavimvira na Sange, kisha kambi ikafunguliwa Lusenda, katika Fizi, na baadaye makao mengine Mulongwe, upande huohuo wa Fizi.

Nasi pia tumekuwa wageni kwa wengine. Mwaka 1996 watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Kigoma. Wengi walikaa Nyarugusu miaka mingi. Toka mwaka 2005 meli zikaanza kuwarudisha kwa bandari ya Baraka. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, baada ya waasi wa M23 kuitwaa Bukavu, makumi elfu ya watu wetu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule vita ikafika Uvira yenyewe, na watu wakakimbia tena. Mrundi aliyepokewa Lusenda na Mcongo aliyepokewa Burundi wamepishana njiani. Hakuna familia ya pwani hii inayoweza kusema: mambo ya wakimbizi hayanihusu.

Sheria inasema nini? Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 juu ya wakimbizi, ambayo Congo iliyaingia mwaka 1965, yanaamuru katika kifungu cha 22 kwamba mtoto wa mkimbizi atendewe sawa na mtoto wa inchi katika masomo ya msingi. Inchi yetu ina sheria yake juu ya wakimbizi, ya mwaka 2002, na sheria ya kulinda mtoto, ya mwezi wa kwanza 2009, inayosema kwamba kila mtoto ana haki ya masomo. Na Katiba, kama tulivyoona, inasema «kila mtu». Haisemi «kila Mcongo». Basi maswali yanayochoma sana katika milima na uwanda wetu, fulani ni raia au si raia, kabila lake lilifika lini, hayana mahali mlangoni pa shule ya msingi. Direkta hakupewa kazi ya kuyajibu.

7. Inchi nyingine zinafanya namna gani?

Zipo njia mbili za kufundisha watoto wa wakimbizi. Ya kwanza ni kuwapa shule yao peke yao, yenye programu ya kwao. Ndivyo ilivyofanyika Nyarugusu: watoto wa Congo walifuata programu ya Congo na kufanya mitihani ya Congo, ingawa walikuwa katika udongo wa Tanzania. Faida yake ni wazi: mtu aliporudi Fizi alikuwa na sertifika inayojulikana. Hasara yake ni wazi pia: mtoto aliyekaa miaka 20 hakujifunza kuishi na majirani zake.

Ya pili ni kuwaingiza katika shule za wenyeji. Ndivyo ilivyofanyika Lusenda: watoto wa Burundi wanakaa pamoja na watoto wa vijiji na kufuata programu ya Congo. Faida yake ni kwamba watoto wanazoeana, na msaada ukija, madarasa yaliyojengwa yanawafaa wote. Hasara yake ni luga, na kazi ya kulinganisha miaka siku ya kurudi.

Tutazame na mbali kabisa. Ujapani, shule ya msingi ni miaka 6 na sekondari ya kwanza miaka 3, na miaka hiyo 9 ni ya lazima na bure. Lakini lazima ile inamfunga mzazi mwenye uraia. Mzazi mgeni hashurutishwi. Akiomba, mtoto wake anapokewa bure, hata vitabu anapewa. Asipoomba, sheria haimlazimishi. Mwaka 2019 serkali ya kule ilihesabu, ikaona kwamba karibu watoto 20,000 wa kigeni huenda hawasomi popote. Inchi ile ni tajiri, shule zake ni nzuri, mlango uko wazi, na bado watoto wamebaki inje, kwa sababu mzazi hakujua luga wala njia, na hapakuwa na mtu wa kwenda kumwita. Kwetu sheria ni pana kuliko ile, maana inasema kila mtu. Lakini tunakosa mtu wa kwenda kuita. Mtu huyo, ndugu msomaji, anaweza kuwa wewe.

8. Maulizo na majibu

Mtoto hana buletini wala karatasi ya kuzaliwa. Apokewe?
Ndiyo. Kama ni mkimbizi, wazazi waonyeshe karatasi ya mkimbizi, inayotolewa na ofisi ya wakimbizi ya serkali, CNR, ikisaidiana na HCR. Kama hata hiyo haijapatikana, mtoto aandikwe, apimwe kwa maswali ya kusoma na hesabu, awekwe darasani, na makaratasi yatafutwe huku anasoma. Tukumbuke kwamba hata wenyeji wamepoteza makaratasi. Mwezi wa ine mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukabomoa nyumba na kuchukua masanduku yenye makaratasi yote. Hatukuwaambia watoto wale warudi mwaka utakaofuata.

Apimwe kwa luga gani?
Hesabu inaweza kupimwa kwa luga yoyote. Atafutwe mtu anayejua Kirundi, parokiani hakosekani. Asishushwe miaka mitatu kwa sababu ya Kifaransa tu. Mtoto mkubwa akiketi na wadogo anaona haya, na haya inamfukuza shuleni haraka kuliko njaa.

Na aliyepita umri, mwenye miaka 10 au zaidi, hajasoma au aliacha zamani?
Kwa hao kuna vituo vya kufidia masomo, ambavyo vinaitwa CRS. Vinafupisha miaka 6 ya shule ya msingi kuwa miaka 3, na mwisho wake ni mtihani uleule wa taifa. Sertifika inayopatikana ina nguvu sawa na ya wengine.

Mtoto amesoma Burundi mpaka mwaka wa 6 au wa 7. Aingie wapi?
Burundi, toka mageuzi yaliyoanza mwaka 2013, shule ya msingi ni miaka 9, na mtihani wa taifa unakuja mwisho wa mwaka wa 9. Kwa hesabu ya miaka, mwaka wa 7 na wa 8 wa kwao unalingana na wa 7 na wa 8 wetu, na mwaka wa 9 unalingana na mwaka wa kwanza wa humanite. Lakini kuna shimo moja: mtoto wa kule anaweza kufika kwetu bila sertifika ya shule ya msingi. Wazazi wasingoje mpaka mwisho. Waende kwa enspekta mapema, kabla ya mwezi wa tisa, wakiwa na buletini zote za Burundi, waandikiwe namna ya kulinganisha. Anayengoja mpaka mwaka wa mtihani anaweza kukuta jina lake halimo kwenye orodha.

Kijana ana diploma ya sekondari ya inchi nyingine. Inatosha?
Kwa kuingia chuo kikuu, diploma ya kigeni inahitaji karatasi ya ulinganisho kutoka wizara, Kinshasa. Kazi hiyo inachukua muda. Mwenye kutaka kuingia seminari kubwa aianze wakati bado yuko katika mwaka wa matayarisho.

Mzazi mgeni anaweza kusema neno katika mambo ya shule?
Ndiyo. Kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi, na baraza la kuangalia matumizi ya shule. Mzazi ni mzazi. Penye watoto wengi wa wakimbizi, inafaa sana mzazi mmoja wa kwao akae katika komite, ili wasisikie habari za michango sokoni.

9. Kazi yetu

Ndugu, sisi hatuwezi kulipa walimu wote, wala kujenga madarasa yote. Lakini yako mambo manne yaliyo mikononi mwetu.

Kwa katekista: mwisho wa mwezi wa nane, utembelee nyumba moja moja. Usiangalie nani ni Mkristu na nani si Mkristu. Uandike majina ya watoto wa miaka 6 mpaka 14 wasiosoma, na sababu yake. Sababu mara nyingi ni ndogo: kaptula, kopia, mtoto wa kubebwa mgongoni. Jambo dogo likijulikana mapema linapata dawa.

Kwa padri: umwite direkta siku moja kabla ya shule kufunguliwa, mwangalie orodha ile pamoja. Usimwagize kama bwana mkubwa, umwulize: «Hawa tunawapokea namna gani?» Direkta naye ana shida zake: benchi 20 kwa watoto 80, walimu wawili wasio na mshahara. Akiona padri anazijua shida zake, ataufungua mlango. Akiona padri anakuja kulaumu tu, ataufunga kwa kufuli la kanuni.

Kwa mseminari: siku za mapumziko marefu, kaa na watoto wa kigeni wa kijiji chako saa moja kila siku, uwafundishe Kifaransa cha darasani: soma, andika, futa, ongeza, toa. Miezi miwili inatosha kumwondolea mtoto hofu. Nimeona kazi hiyo ikifanywa chini ya mwembe, bila feza, na kijana mwenyewe akajifunza kuhubiri kwa maneno mafupi.

Kwa sisi wote: tusome sheria kabla ya kujibu. Neno moja la padri, «ngojeni mwaka utakaofuata», ni jepesi kinywani. Lakini kwa binti wa miaka 11 mwaka ule unaweza usifike kamwe.

Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa mtoto mchanga, alikimbizwa usiku na wazazi wake mpaka inchi ya kigeni, Misri. Wala hatusomi popote kwamba mtu fulani wa Misri alimwomba Yozefu makaratasi.

Yule binti niliyemsimulia, nilimtafuta Baraka. Watu wa nyumba ile walikuwa wamehama. Leo angekuwa anamaliza humanite. Tangu siku ile, kila mwezi wa tisa, katekista akiniletea mtoto asiye na karatasi, simwulizi ametoka wapi. Namwuliza amefika mwaka gani, kisha tunakwenda pamoja kwa direkta.